Nafua makochi majumbani, laiki napata ila wateja hamna, nifanyeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja, nalifupisha kidogo: "Habari kaka. Nafua makochi, mazulia na magodoro nyumbani kwa mteja, mashine ninayo na kijana wa kunisaidia ninaye. Nina mwaka na nusu sasa, nyumba nilizohudumia zinafika kama 90. Shida ni wateja. Wiki hii kazi 2, wiki ijayo hamna kabisa. Mitandaoni naposti kila siku, juzi nikalipia tangazo laiki zikaja zaidi ya 300 lakini aliyeleta kazi hata mmoja hakuna. Nishushe bei? Niweke mtu wa kuniendeshea mitandao? Nataka walau kazi 6 kwa wiki."

Nzuri dada. Bei usiiguse kwanza, na huyo mtu wa mitandao naye mwache asubiri, nitawarudia huko chini. Maana kuna kitu umekitaja haraka haraka ukakipita kama hakina uzito, nyumba 90. Hebu turudi hapo.

Mimi nimefanya kazi za mabomba majumbani miaka mingi kabla sijaanza kuwashauri wenzangu, na kitu kimoja nilichelewa sana kukielewa ni kwamba mtu anayekuita nyumbani kwake kabla hajafikiria bei anafikiria mlango. Nani huyu naenda kumfungulia, ataona tv yangu, ataona chumba ninacholala, watoto wako ndani, mimi mwenyewe labda nipo kazini nimemwachia dada wa nyumbani. Muuza viatu hana hilo tatizo, mteja hata akilizwa amelizwa viatu basi. Wewe unaingia hadi chumbani kufua godoro. Ndo maana zile laiki 300 hazijazaa kitu, kulaiki picha ya kochi safi ni rahisi, kumfungulia mlango mtu usiyemjua ni habari nyingine kabisa.

Sasa wewe una nyumba 90 ambazo mlango ulishafunguliwa. Na makochi yake yameshachafuka tena, mengine yamechafuka mara mbili. Piga hesabu na mimi hapa, sema nusu tu ya hao wakikuita kila baada ya miezi 6, hizo ni nyumba 45 mara 2 kwa mwaka, kazi 90, karibu kazi 2 kila wiki bila kutafuta mtu mpya hata mmoja. Nina uhakika hujawahi kuwapigia. Karibu kila fundi ninayemuuliza jibu ni hilohilo, anasema "si wana namba yangu, wakihitaji watanitafuta." Hawatakutafuta dada. Sio kwamba hawakupendi, wamekusevu kwa jina lako, na baada ya miezi 8 mtu anakaa anajiuliza yule aliyenifulia makochi alikuwa anaitwa nani vile, anatafuta kwenye simu "makochi" hamna kitu, basi anamuuliza jirani, jirani anampa mtu mwingine. Kazi imeenda.

Kwa hiyo kuanzia leo ukimaliza kazi mtumie mteja namba yako ikiwa imeshaandikwa jina lako na neno Makochi mbele yake, na umwambie kwa mdomo, "nisevu hivi hivi ili usinipoteze." Inaonekana kitu kidogo sana. Ila ina faida nyingine pia, kwenye WhatsApp ukituma ujumbe kwa ile orodha ya kutangaza (broadcast list, ujumbe mmoja unaowafikia wengi kila mtu kivyake), ambayo mwisho wake ni watu 256 kwa orodha moja, ujumbe unamfikia yule tu aliyekusevu. Wengi wanatuma kwa watu 200 wanaona kimya wanadhani wateja wana dharau, kumbe ujumbe haujafika hata kwa nusu.

Ila hao 90 wa kwanza usiwatumie kwa mkupuo, nakuomba. Kaa chini na daftari, andika kila nyumba, ulifua nini, lini, kulikuwa na doa gani, kuna mtoto au paka. Ukisahau mengine rudi kwenye meseji zenu za zamani utayakuta humo humo. Halafu tuma mmoja mmoja, 10 kwa siku zinatosha, kila mmoja na habari ya kwake: "Habari za siku dada, mimi ndo nilikufulia yale makochi ya kijivu mwezi wa tatu, lile doa la juisi lilitoka moja kwa moja au limerudi? Wiki ijayo Jumatano nipo maeneo ya kwako, nikipita nisafishe itakufaa?" Mtu akisoma hivyo anajua huyu ananikumbuka. Linganisha na lile tangazo lenye maua na maandishi matano ya rangi tofauti, mpendwa mteja wetu tunakujulisha, hata mimi silisomi.

Na daftari liwe daftari la karatasi kweli au nakala mahali pengine nje ya simu. Mimi simu yangu iliwahi kudondoka kwenye pipa la maji nikiwa kazini, wateja wa miaka 3 wakaenda nayo, nikaanza upya kama mgeni. Sipendi kuikumbuka hiyo.

Sasa tuje kwa wageni, maana hao wa zamani watakupa kazi 2 labda 3, wewe unataka 6.

Mgeni wa karibu kuliko wote ni jirani wa mteja uliyenaye leo. Ukipanga kazi ya Jumanne kwenye jengo fulani, siku moja kabla mwambie mteja, "kesho nipo kwako na mashine, kama kuna jirani anataka nimalizie kwake siku hiyohiyo nyote wawili nawapunguzia." Hili punguzo lina sababu, nauli umelipa mara moja, mashine umeishusha mara moja, na muda ambao ungeukalia barabarani umekuwa muda wa kazi. Na mteja mwenyewe ndo anaposti kwenye grupu la wakazi, wewe ungeposti humo wangekutoa kabla hujamaliza sentensi. Kuna tofauti kubwa kati ya "jamani mimi nafua makochi nipigieni" na jirani akiandika "kesho anakuja mtu wangu wa makochi, nani mwingine anataka?" Mlango wa pili unafunguliwa na yule wa kwanza.

Halafu kuna watu ambao kazi zao zinawaingiza kwenye nyumba kabla yako. Dalali wa nyumba, anajua nani anahamia lini. Wanaohamisha mizigo, wanabeba kochi chafu kwa mikono yao wenyewe. Fundi rangi, akimaliza kazi vumbi lote lipo kwenye kochi la mwenye nyumba. Mpiga dawa ya kunguni, huyu ni dhahabu kwako, mtu aliyetoka kupigiwa dawa ya kunguni godoro analiangalia kwa wasiwasi mwezi mzima (muulize tu mpiga dawa kwanza ni lini inafaa kufua, usije ukaondoa dawa yake ukamharibia kazi). Wenye nyumba za kupangisha kwa siku siku nao wapo, wale mgeni akiona doa kwenye godoro anaandika maoni mabaya siku hiyohiyo, kwa hiyo hawana muda wa kubembelezwa. Na fundi wa kushona makochi, watu wengi wanampelekea kochi wakidhani limekwisha kumbe ni chafu tu.

Usiwakimbilie wote. Chagua watatu, waone ana kwa ana, umfulie kila mmoja kochi lake bure ili aone kwa macho yake, kwa sababu yeye anapokutaja anaweka jina lake rehani. Kamisheni mkubaliane mapema, na mteja akikulipa, yake itume dakika hiyohiyo ukiwa bado hujatoka getini. Nimeona urafiki mwingi wa kikazi umekufa sio kwa sababu kamisheni ilikuwa ndogo, imekufa kwa sababu ilisubiriwa wiki 3. Ila bora zaidi ya kamisheni ni wewe nawe kumletea yeye kazi. Ukiwa unafua zulia ukaona ukuta una unyevu, mtaje yule wa rangi. Mtu akiona unamletea, hakusahau.

Google sasa. Hapa watu wengi wa kazi za majumbani wamelala na ni bure. Ile profaili ya biashara inayotokea kwenye ramani, zamani ikiitwa Google My Business na tangu 2021 inaitwa Google Business Profile, unaifungua hata kama huna ofisi. Wewe unayemfuata mteja unaficha anwani ya nyumbani, unaweka maeneo unayohudumia, wanaruhusu mpaka 20, ila usijaze yote 20 kama huwezi kufika. Watataka kuhakikisha kuwa upo kweli, wanaweza kukwambia urekodi video inayoonyesha mashine na vifaa vyako, usiogope, rekodi. Kwenye jina andika jina la biashara kama lilivyo, usibandike "wafua makochi bora bei nafuu kuliko wote", wanazuia hiyo na profaili inaweza kufungiwa.

Google wenyewe wanasema kinachoamua nani atokee juu ni vitu vitatu, unavyoendana na kilichotafutwa, umbali, na unavyojulikana. Umbali huna la kufanya. Kuendana ni kuchagua aina sahihi ya huduma na kuandika wazi kazi unazofanya moja moja, makochi, mazulia, magodoro, viti vya gari kama unafanya. Kujulikana, sehemu kubwa ni maoni ya wateja. Na hapa ndo tunarudi kwenye mlango, maana mtu anayekutafuta saa 3 usiku anachosoma pale ni kama kuna binadamu wengine walikuingiza ndani wakabaki salama.

Wengi wanaomba maoni wakati wanakunja waya wa mashine. Kwa kazi yako huo ni wakati mbaya kuliko wote! Kochi bado limelowa, mteja hajui litakuwaje, kuna na kaharufu ka unyevu. Subiri kesho yake likikauka, tuma meseji, "limekauka vizuri? nitumie picha nione." Akituma picha na amefurahi ndo unamwambia naomba uniandikie hivyo hivyo Google, na linki unampa hapohapo, asitafute. Mwombe aseme kitu chenyewe, kochi la aina gani, doa la nini, mlifika saa ngapi. "Huduma nzuri" kumi hazimsaidii msomaji kama moja inayosema "mtoto alimwaga wino nikadhani nitatupa kochi, wamekuja wawili wamevua viatu mlangoni, doa limetoka." Zawadi au punguzo kwa ajili ya maoni usitoe, Google wanakataza, na pia wanakataza kuwaomba wale waliofurahi tu huku walionuna ukiwaruka, kwa hiyo omba wote. Ukipata baya lijibu kwa upole na ueleze ulichofanya kurekebisha. Mimi nikisoma maoni ya fundi naangalia kwanza alivyojibu lile baya.

Ila usijenge nyumba yote kwenye kiwanja cha mtu. Google walikuwa wanatoa vitovuti vya bure kwa biashara ndogo, Machi 2024 wakavizima, na waliokuwa wanategemea hiyo tu wakabaki wanashangaa. Daftari lako halizimwi na mtu.

Kuhusu posti zako, nimeziangalia ulizonitumia. Picha ni nzuri. Lakini katika posti 30 sijaona sura yako hata mara moja! Kuna makochi, kuna mashine, kuna povu, wewe haupo, kijana wako hayupo. Mtu ataingiza nini ndani, povu? Weka picha yako na ya kijana mkiwa na fulana za kazi, majina ya kwanza, na mteja akishabuki mtumie picha ya watakaokuja na saa ya kufika. Hiki kitu peke yake kinatuliza watu kuliko ofa yoyote. Picha za kabla na baada piga kutoka pembe ileile na mwanga uleule, ukibadilisha mwanga mtu anajua unamchezea. Na omba ruhusa, usionyeshe picha za familia ukutani, watoto, wala mlango wa nje, maana anayeona umeanika sebule ya mwenzake atajua na yake itaanikwa.

Na posti zako zifundishe. Kwa mfano wangapi wanajua kwamba kochi lao huenda lina lebo chini ya mto yenye herufi? W maana yake linafuliwa na maji, S ni dawa ya kusafishia isiyo na maji tu, WS vyote viwili, X usitie kitu chochote zaidi ya kufyonza vumbi. Sio makochi yote yanayo, na yasiyo nayo unajaribu sehemu iliyojificha kwanza. Posti moja ya namna hiyo, wewe mwenyewe unaongea umeshika mto, itafanya mtu aende kugeuza kochi lake saa hiyohiyo, na akikuta S atakuuliza wewe. Huyo tayari anaongea na wewe.

Akishaongea na wewe mjibu upesi. Nimekutumia meseji ya kwanza asubuhi ukanijibu saa 11 jioni, na mimi ni mtu wa kukushauri tu, je mteja? Anayetafuta mfua makochi anawaandikia watatu kwa pamoja na anayejibu kwanza kwa maelezo yaliyonyooka mara nyingi ndo anaondoka na kazi. Najua mikono imelowa. Hamia WhatsApp Business kama bado, ni ya bure, weka ujumbe unaojijibu wenyewe ukiwa kazini, "nipo kwa mteja, nitakujibu saa 7, naomba picha ya kochi, lina viti vingapi na upo eneo gani." Ukishika simu saa 7 una kila kitu cha kutajia bei. Na bei itaje, hata kama ni kuanzia kiasi fulani. Hii tabia ya "njoo inbox kwa bei" inakera sana na mteja wa maana anapita kimya kimya.

Waliouliza bei wakanyamaza usiwahesabu wamekufa. Wengi walikatizwa tu, mtoto amelia, bosi ameita. Kesho yake mguse mara moja, baada ya wiki mguse mara ya mwisho, basi, mwache. Zaidi ya hapo unakuwa kero.

Sasa bei. Ukishusha bei kesho, nyumba zako 90 zitajuaje? Hawajui hata kama bado upo. Na wale wageni wanaokuogopa mlangoni wakiona bei ya chini sana ndo wanaogopa zaidi. Hujaniambia kuna mtu alikwambia ghali akaenda kwingine, umeniambia hawakuiti, hilo ni tatizo tofauti.

Tangazo la kulipia silikatai, ila lije mwisho, ukiwa na maoni walau 20 na mtu akibofya akute sura yako. Lile la juzi ulibonyeza tu kitufe cha kuboosti na ukaacha eneo lote, nusu ya waliolaiki hawawezi hata kufikiwa na mashine yako. Weka mitaa unayofika tu, chagua lengo la watu kukuandikia meseji badala ya kulaiki, na upime kwa kazi: tangazo hili limekula faida ya kazi 2, limeniletea kazi ngapi? Likileta 2 umefanya kazi ya bure, likileta 5, na 2 kati yao wakarudi baada ya miezi 6, endelea. Utajuaje? Kwenye daftari weka safu moja ya "umenipataje", na umuulize kila mteja mpya bila kukosa. Baada ya miezi 2 fungua usome, utashangaa, na kinachokuletea kazi kinaweza kuwa kitu ambacho hukuwahi kukitilia maanani kabisa.

Mtu wa mitandao usimweke. Mwenzangu mmoja alimlipa mtu miezi 4, akapata grafu za kuvutia na posti za kutakiana wikiendi njema, kazi hazikusogea, kwa sababu yule kijana hajui doa la mafuta linatokaje na mteja akiuliza anajibiwa "asante kwa kuwasiliana nasi." Kama una hela ya kumlipa mtu, mlipe yule msaidizi wako kidogo zaidi awe anashika simu wakati wewe umelowa, yeye kazi anaijua.

Anza Jumatatu na zile 10 za kwanza, anza na wale waliokuwa na watoto wadogo, makochi yao ndo yamechoka kuliko yote.